Uji wa shosho umelipukia jaji

Wasee! Leo nimemlipulia jaji uji usoni!

Tulikuwa Embu, mashindano ya wanachuo ya mawazo ya biashara. Wazo letu, mimi na rafiki yangu Mwenda, ni uji wa kuchachuka, ule wa nyumbani, kwa chupa. Tuliupika kwa shosho, nyanya yangu, kule Timau, tukakaza vifuniko kabisa, tukashuka nao.

Timau ni baridi, uji ulikuwa umelala.
Embu ni jua. Uji ukaamka.

Nikasimama mbele ya jaji, mama wa suti nyeupe, nikasema kwa madaha, "Uji wetu ni mtulivu tumboni."
Nikafungua.

PUUU!

Suti, miwani, nywele, zote uji. Mwenda (eti rafiki) akajificha nyuma ya pazia.

Jaji akavua miwani. Akalamba mdomo. Akalamba tena!

"Nani hukaza kifuniko cha uji unaochachuka? Kwenu hakuna shosho?"

Nikasema yuko, na alinikataza.

Hatukushinda. Lakini jaji anataka suti yake Jumatatu ikiwa safi, na chupa mbili za uji. Vifuniko vilegezwe.

Sasa mnisaidie: doa la uji linatolewa na nini? Shosho siwezi kumuuliza.