Tulifagia Kiwanja Chetu, Nusura Kigeuke Maghorofa

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri, shikamooni. Niliowazidi, marahaba hata kama hamjanisalimu.

Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu. Mtanivumilia kwa kutaja siku na miezi. Mimi nilianza kusoma nikiwa tayari mama wa watoto wakubwa, na jambo la mwanzo nililojifunza ni kwamba mlalamikaji asiyejua siku hasikilizwi ofisini.

Ninaishi Temeke, upande wa kuelekea Chamazi. Mtaani kwetu kuna eneo la wazi, wenyewe tunapaita Kiwanjani. Kwenye ramani ya mipango miji limeandikwa hivyo hivyo, eneo la wazi. Halikutengwa kwa ajili ya nyumba.

Mgeni akipaona ataona vumbi na magoli ya miti, basi. Lakini nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba jeneza halikati kona kwenye vichochoro. Marehemu hutolewa ndani akiwa amebebwa mikononi, akalazwa kwenye jeneza Kiwanjani, akaswaliwa hapo. Jirani zetu Wakristo waliotoka Kusini nao huwaagia watu wao hapo hapo. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliondokea hapo.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi Agosti mwaka jana, nilikuta tangazo kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka eneo la wazi kuwa makazi. Kampuni moja ilitaka kujenga maghorofa ya kupangisha. Sababu waliyoitoa: eneo halitumiki.

Nililisoma mara mbili. Wenye pingamizi tuliambiwa tuandike, tukaandika. Mwenyekiti wa mtaa akatutangazia kwamba Jumatano inayofuata maofisa wa manispaa watakuja kukagua.

Hapo ndipo tulipoharibu, na nadhani kosa lile ni la watu wa pwani peke yetu.

Bi Mwanahawa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa hapa, muuza vitumbua, alipita nyumba kwa nyumba tangu Jumanne.

"Wageni wa serikali hao. Mnataka waje waone sidiria zetu kambani?"

Kamba za nguo zikafunguliwa. Seremala anayekausha mbao zake pale akazihamisha. Bi Mwanahawa mwenyewe akaondoa jiko lake. Magoli yakang'olewa kwa kuwa moja lilikuwa limeinama, likitutia aibu. Watoto wakaambiwa atakayeonekana Kiwanjani atakiona cha moto. Tukafagia, tukanyunyiza maji kulaza vumbi. Na mimi ufagio niliushika.

Maofisa walipofika walisimama katikati ya uwanja mweupe kama sahani iliyooshwa. Sisi tumejipanga pembeni na madira yetu ya sikukuu.

Afisa mipango miji, binti mpole, aligeuka huku na huku, kisha akamuuliza mwenyekiti, "Kwani hapa huwa pana shughuli gani?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono aonyeshe. Hapakuwa na cha kuonyesha.

Mtu wa kampuni aliyefuatana nao alitabasamu. "Pasafi sana. Hata kusafisha saiti hatutahangaika."

Jioni tulikutana uani kwa Bi Mwanahawa, kila mtu kanuna. Vijana wakaja na wazo: wakirudi kupima, tufunge turubai, tubandike masufuria, akina mama wajitande kanga na kulia, tuseme kuna msiba. Hakuna afisa atakayekatiza katikati ya wafiwa na kamba ya kupimia.

"Na maiti ni nani?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Wa uongo tu, bibi."

"Basi tukulaze wewe. Kimo cha jeneza unacho, na kazi huna."

Uani pakalipuka kicheko. Mimi sikucheka. Niliwaambia kwamba nimekaa eda nikikitazama Kiwanja kile dirishani, na sitalia kilio cha kuigiza mahali nilipolia cha kweli. Tukidanganya mara moja, kila jeneza letu litatiliwa shaka.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda manispaa. Karani akaniambia ukaguzi umeshafanyika, nirudi nyumbani. Nikamjibu kwamba walichokagua ni ufagio wetu, Kiwanja bado hawajakiona. Nikakaa kwenye benchi mpaka yule binti aliponiita.

Nilimweleza yote, pamoja na habari ya sidiria. Alijikaza asicheke.

"Sasa mama, unataka tuje lini?"

"Siku ambayo hutaniambia. Na mwenyekiti usimwambie."

"Nikikuta hapana mtu je?"

"Andika kwamba hapana mtu, na mimi sitakusumbua tena."

Nilijua nimeweka nini rehani. Niliporudi nilisema neno moja tu: asifagie mtu, tuishi kama tunavyoishi. Magoli yakasimikwa tena, lile lililoinama likainama vilevile.

Agosti ikaisha, hawakuja. Wiki zikapita. Kila nilipoona Kiwanja kimebaki kitupu wakati wa jua kali, nilitoka mlangoni kuchungulia kama gari lao linakuja. Bi Mwanahawa akaanza kunisema waziwazi. "Mwenzangu umetuuza kwa maneno ya kitabuni." Nilikuwa nimeshaahidi.

Walikuja Jumanne ya mwisho ya Septemba, asubuhi. Gari lao likakosa pa kuegesha.

Katikati palikuwa na turubai la arobaini ya mzee mmoja wa mtaani, masufuria ya pilau yakitoa moshi. Mbao za seremala zimeanikwa. Wanafunzi wa madrasa wamekalia majamvi. Binti mmoja alikuwa akifundishwa kuendesha pikipiki, anawazunguka wote kwa mayowe. Ubao wangu wa darasa la kisomo cha akina mama, ninaowafundisha hapo kusoma, ulikuwa umeegemea goli.

Bi Mwanahawa alikuwa anachoma vitumbua, kamba ya nguo nyuma yake imejaa. Alipomtambua yule afisa aliinuka.

"Jamani mwanangu, si ungesema unakuja? Tungefagia."

"Ndiyo maana sikusema, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kaa ule."

Akakaa, akala. Kisha akapiga picha kila upande, na kamba ile ya nguo nayo akaipiga.

Mwezi Novemba tangazo jipya likabandikwa. Ombi limekataliwa, matumizi yabaki kama yalivyo. Sikuwasomea wenzangu wa kisomo. Niliwapeleka kwenye ubao wa ofisi ya mtaa wakalisoma wenyewe, silabi kwa silabi, na Bi Mwanahawa, aliyejiunga na darasa wiki ile, akalirudia neno "limekataliwa" mpaka watu wakamsihi anyamaze.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Heshima kwa mgeni ni jambo jema, lakini anayekuja kuamua hatima yako usimfichie maisha yako ukidhani ni adabu. Na haki ikiwa yako, usiitafutie uongo wa kuisaidia.

Najua kampuni nyingine itakuja. Ardhi Dar haipumziki, na sisi hatuhami. Kwa hiyo nawauliza mlio Kinondoni, Kipawa na kwingineko: maeneo yenu ya wazi mliyaokoa vipi, au yalipotea vipi? Andikeni, nitasoma kila jibu.

Mkipita kwetu karibuni. Mtatukuta hatujafagia.