Mashine Yenye Kiti Kimoja

Benchi lililo nje ya nyumba ya dada yake lina upande mmoja usiokaliwa. Hapo ndipo kijana huyu mkata miti alipokuwa akiketi jioni na shemeji yake, mume wa dada huyo, msumeno wa watu wawili umelala mapajani mwao, wakiutia makali kwa tupa na kutaniana mpaka dada apige kelele kwamba chai inapoa.

Kisha ikaja mashine. Inakumbatia mti, inaukata, inauchuna matawi na kuulaza chini kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Ina kiti kimoja, ndani ya kibanda cha kioo. Wakubwa wa kiwanda cha mbao walimchagua yeye kwa kuwa umri ulimruhusu kufundishwa. Shemeji na wakata miti wengine wakapewa ahsante na kurudishwa nyumbani.

"Mheshimiwa wa kioo!" shemeji alimwita mwanzoni. Baadaye akaacha hata kumtania, na hilo ndilo lililomkata maini.

Siku moja akaenda kuacha kazi. Dada yake, ambaye hupanga mbao kiwandani, akamdaka mlangoni pa ofisi ya meneja.

"Unaingia kusema nini humo?"

"Naacha, dada. Nirudi kwenye msumeno na shemeji."

"Msumeno wa kulisha nini? Hujaona walivyoongeza mitambo ya kupasulia? Mkikata nyinyi wawili kutwa nzima, kiwanda kinameza na kulamba vidole. Ukishuka, hakuna mwingine aliyefundishwa mashine ile, geti linafungwa. Na huyo shemeji yako anakula kwa mikono yangu hii."

Akarudi msituni, akapanda kwenye mashine.

Juma lililofuata shemeji akamtokea huko, msumeno begani. Kwenye mteremko wa korongo, mahali mashine isipofika, ulibaki mti mmoja mnene.

"Shuka, bwana. Huu wa kwetu. Au makalio yameshaota mizizi?"

Alicheka mpaka akajishangaa. Akazima injini, akashuka. Mwanzoni mkono wake ulisukuma pale pa kulegeza, shemeji akamtukana vizuri tu, kisha pumzi zao zikakutana. Unga wa mbao ukawamwagikia miguuni. Kwa kitambo kile hakuwa na deni kwa mtu.

Redio ikaita kibandani. "Mbona mashine imesimama? Kiwanda kinangoja magogo!"

"Usiende," shemeji akasema. "Hatujapiga kabari kwenye mkato. Ukiachia sasa, mti utaubana msumeno."

Redio ikaita tena. Akilini akamwona dada yake amesimama nje ya geti lililofungwa, mikono mitupu.

Akaachia mpini.

Mti ukaegemea upande kidogo tu, ukaubana msumeno. Shemeji akavuta peke yake, mguu kwenye shina, mishipa ya shingo imemtoka. Wapi! Akapangusa mikono kwenye suruali, akapanda mteremko, akapita kando ya mashine bila kutazama juu.

Mti ule haujaanguka, na msumeno ungali ndani yake. Kijana yuko kitalu cha msitu kinachofuata, ndani ya kibanda cha kioo, zamu ya mchana.