Aliondoka na Mgonjwa Garini, Mume Wangu Akaandika "Aliondoka"

Admin, nakuomba jina langu ulizike kabisa, maana Buyenzi watu wanajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina mume na binti mmoja. Majina yote humu nimeyabadilisha. Naandika nikiwa na hasira hadi vidole vinakosea herufi, mtanisamehe.

Mume wangu, Baba Zulfa, ni mtangazaji wa ukurasa mmoja wa habari za mtandaoni hapa Bujumbura. Kaka yangu wa tumbo moja, Hamisi, ni fundi wa magari. Ndiye aliyesimama shahidi siku ya ndoa yetu, na kila Ijumaa baada ya swala alikuwa anakula kwetu, yeye na mume wangu wakigombania ukoko wa pilau kama watoto.

Juzijuzi Hamisi alikuwa akijaribu breki za gari la mteja upande wa Ruziba. Mama mmoja mtu mzima, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaingia barabarani na beseni lake kichwani. Hamisi alikanyaga breki lakini gari lilimpata, mguu ukavunjika. Hakusubiri mtu. Alimbeba kwa mikono yake, akamlaza kiti cha nyuma, akamkimbiza hospitali, akamwacha kwa madaktari, kisha akaenda polisi mwenyewe bila kuitwa. Yule mama aliwaambia polisi kwa mdomo wake kwamba hakuangalia gari. Hamisi akaachiwa.

Jioni ile niko jikoni nachambua mchele, nikasikia sauti ya mume wangu kwenye video ya ukurasa wao, simuni mwangu. Si ile ya nyumbani. Ni ile anayoivaa kazini, inayotetemeka kama ya mtu aliyefiwa, na muziki wa kilio chini yake. Kwenye picha, ndagala zimemwagika barabarani, na kandambili moja. Juu yake maandishi mekundu: "Fundi wa Buyenzi amgonga mama maskini, aondoka kabla polisi hawajafika."

Niliisoma mpaka nikaona ilivyoshonwa. Kwa nini "wa Buyenzi"? Angekuwa mtu wa mtaa wa matajiri, angeandikwa "dereva" basi. Nani alisema yule mama ni maskini? Na kandambili moja ni ya nini, kama si kutufanya tudhani mwenye mguu ameshakufa? Halafu hilo "aondoka"! Wafuasi wakamalizia kazi: "Muuaji huyo." "Watu wa Buyenzi ndio zao." Pengine hata ninyi mnaonisoma mliisambaza.

Aliporudi nilimrukia mlangoni, hata viatu hajavua.

"Nionyeshe fasi moja yenye nilidanganya," akasema. "Aliondoka, ama hakuondoka?"

"Aliondoka na mugonjwa mu gari!"

"Basi aliondoka."

Jamani! Nilitamani nimpige na mwiko.

Hamisi alikuwa afunge ndoa baada ya Ramadhani. Baba wa binti, mfanyabiashara wa siku nyingi hapa mtaani, akamwita mama yangu, akamwambia kwa adabu zote: "Mama Hamisi, mi nakuheshimu sana, lakini siwezi kupa mutoto yangu mutu mwenye aliacha mama ya watu mu barabara." Mama akaeleza, akaapa. Mzee akamwonyesha simu. Mwanamke aliyemjua tangu ujana wao hakuaminiwa, ikaaminiwa simu! Tangu siku ile Hamisi hali vizuri, na Ijumaa haji tena kwetu.

Nikaenda Ruziba kumwona yule mama. Nilimkuta na plasta mguuni, anacheka na wajukuu wake.

"Ule kijana alinibeba sawa bibi-arusi," aliniambia. "Nani anasema alinikimbia? Mumulete hapa nimupige na hii fimbo!"

Nikarudi mbio kwa mume wangu nikamwambia, mrekodi huyu mama, mambo yaishe. Mnajua alinijibu nini?

"Anacheka sana. Mutu wa mguu yenye kuvunjika akicheka, watu hawataamini. Na rectification, ile ya kusahihisha habari, haina watu, nani ataiangalia? Afadhali mama yako. Akae, nimuwekee muziki, alie kidogo, aseme mutoto yangu si muuaji. Ile ndiyo itazima ingine."

Alie kidogo! Mama yangu, mjane aliyetulea bila kumlilia mtu yeyote, leo anaagizwa machozi kama anaagizwa chai! Nilikataa katakata. Lakini mama mwenyewe amekubali.

"Mwanangu," aliniambia, "kama machozi yangu itaokoa ndoa ya mutoto wangu, mi nitalia."

Kamera inakuja kesho baada ya Alasiri.

Najua wengi mmeshaanza kuandika "achana naye huyo". Ngojeni kwanza. Kuna kitu sikuwaambia. Mume wangu alipoandika ile habari hakujua kwamba fundi ni Hamisi. Picha alitumiwa na mtu, jina halikuwepo. Nilipomwambia pale mlangoni, alikaa chini na viatu vyake, akashika kichwa. Kubisha kulikuja baadaye. Hilo nililiruka makusudi, kwa sababu nilitaka mumkasirikie kama ninavyomkasirikia mimi. Na nimeweza, sivyo? Haya, nionyesheni fasi moja yenye nilidanganya.

Lakini sasa anajua, na ile habari bado ipo pale pale. Hajaongeza hata "na mgonjwa". Maneno mawili tu, yamemshinda mume wangu kuyaandika, anataka machozi ya mama yangu.

Nishaurini, ndugu zangu. Kesho nimwache mama alie mbele ya kamera ili kaka yangu aoe, au nisimame mlangoni niwafukuze, harusi ife?