Kipa Aliyelala Kitandani pa Kaka

Juzi, mbele ya duka, vijana walikuwa wakibishana juu ya wachezaji wa Ulaya, wakiwahamisha timu hii kwenda ile kama mifuko ya maharagi. Niliwasikia nikanusa tena mahindi ya kuchoma ya Kingi, kijiji chetu.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mashabiki wetu walijaa dukani kwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Timu ya kijiji cha Ntoto ilitaka kutupatia kipa wake, sisi tuwape kaka yangu Bahati.

“Bahati akienda, nani atafunga magoli?” mmoja alipiga kelele.

Papa, baba yetu, aliwashinda wote kwa sauti. “Tunakosa kipa! Bahati aende, njo vile!”

Nilimchukia Papa. Niliamini anamfukuza mtoto wake kwa ajili ya penalti aliyokosa Jumapili.

Kwa desturi yetu, mchezaji aliyekuja alikaa kwa familia ya yule aliyeenda. Basi kipa akapewa kitanda cha kaka, na sahani yake. Usiku nilimsikia akikoroma.

Leo najua Papa hakuwa na haja yoyote na kipa. Watu wenye bunduki walikuwa wakikamata vijana wa Kingi, na Ntoto bado kulikuwa kimya. Mvua hazijaisha, vita ikafika Ntoto. Bahati hakurudi.

Yule kipa ana mvi sasa. Kila Noeli anakuja kumsalimia Mama.

“Mama, niko mutoto wako,” anamwambia.

Mama anampakulia sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani ileile ya Bahati, kisha anatoka nje, anasimama huko mpaka kipa amalize kula.