Mtungi wa Mwaka Mpya

Kila ninaponusa ubani ukifukizwa, narudi nyumbani kwetu Tanga, Ramadhani moja ya utotoni. Baba alisema wakati wa kufuturu kwamba mwaka mpya wa 2000 ukiingia kompyuta zitakosea tarehe, na pampu za maji huenda zikasimama. Sisi watoto tulicheka. Bibi, mama yake baba, hakucheka. Aliufukiza mtungi mkubwa kwa ubani, akatutuma bombani mpaka ukajaa.

"Na zisipokosea, mama?" baba akamuuliza.

"Maji hayakosi kazi, mwanangu. Ufunike."

Mwaka ukaingia. Wakati wa daku bomba likatoa maji kwa nguvu. Nikakimbia kumwamsha bibi nimtanie. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Wanawake waliokuja kumwosha hawakwenda bombani. Waliufunua mtungi.