Sahani ya Paka wa Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alifika kwetu mtaa wa Buyenzi wakati watu walipokuwa wakikimbia mapigano ya mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Alikuja kwa miguu, na kitenge alichovaa, sufuria moja na kikapu kilichofungwa kamba. Tulidhani kikapuni mna vyombo. Alipokifungua sebuleni, akatoka paka jike mwekundu, mwembamba, akakimbilia chumbani, moja kwa moja chini ya kitanda. Nyumba ya wifi ilikuwa imechomwa, na katika mali yake yote alikuwa amebakiwa na huyo paka.

Nasi tulikuwa na wetu, dume la kijivu lililokulia gereji kwa mume wangu, shingo nene na sikio limechanika. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji hakupona, alivimba.

Asiyefuga paka hudhani wakigombana lazima kuwe na kelele. Wangu hakupiga kelele. Alijilaza mlangoni pa chumba cha wifi, akakodoa macho, basi. Yule mwekundu akitaka kwenda kula, njia imezibwa. Akitaka kwenda kwenye sanduku la mchanga, ambalo tuliliweka ndani kwa sababu siku zile milango ilifungwa mapema, njia imezibwa vilevile. Mwishowe alijisaidia juu ya mkeka wa kuswalia wa wifi. Wifi akaufua, akaswali juu ya kanga.

Niliona haya, na mimi nikiona haya hukimbilia hasira. Nikainua ndala nimchape dume.

"Apana, wifi, usimupige," akaniambia. "Yeye iko kwake."

Angenitukana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Nikaamua kuwapatanisha. Niliwapangusa wote wawili kwa kitambaa kimoja ili wanuke sawa. Niliweka sahani mbili mbalimbali. Dume likabugia vichwa vyake vya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, kisha likaenda kumsaidia mwenzake kumaliza vyake. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la akili nyingi. Nilichukua sahani ya yule mwekundu, pamoja na mchanga wake, nikavihamishia jikoni, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Nikambeba mwenyewe, nikamfungia humo, akala kwa raha mpaka akalamba sahani. Nilimtambia mume wangu kwamba vita vya nyumbani kwangu nimevimaliza peke yangu.

Kwetu wanawake tulikula sinia moja, mimi, binti zangu na wifi. Tangu siku hiyo wifi akawa hakai siniani. Alijipakulia kwenye bakuli, akaenda jikoni. Nilidhani anakwenda kumliwaza paka wake, hata nikafurahi kidogo, maana sebule ilikuwa finyu. Ndiyo, nilifurahi.

Siku chache baadaye mume wangu alirudi mchana kula. Akamkuta dada yake juu ya kigoda, kando ya makaa, bakuli mapajani na paka miguuni. Kikapu kilikuwa pembeni, na kamba yake imenyooshwa sakafuni, tayari.

"Dada, mbona uko huku?"

"Mi nafwata paka wangu," akajibu, sauti yake ya kila siku. "Yeye ameoneshwa fasi yake. Na mi nimeona yangu."

Mume wangu hakunifokea. Alinigeukia tu, akasema, "Paka ya mugeni nayo ni mugeni. Si ungetosha ya kwetu, uiweke inje?"

Masikio yaliniwaka. Mambo hayo hayakuwa mageni kwangu. Nilifunzwa na mama yangu kwamba kitu cha mgeni hakitolewi nje mpaka mwenyewe aondoke; ukimtolea, umemfukuza. Mwanamke wa Buyenzi aliyelelewa vizuri hakosei hapo. Mimi nilikosea kwa sababu niliona paka, sikuona mgeni. Na kama wifi angefunga kile kikapu, angerudi wapi? Kaskazini, ambako kila jioni tulisikia risasi.

Nililibeba dume letu kwa ngozi ya shingo, nikalitia jikoni. Sahani ya yule mwekundu niliiosha, nikairudisha sebuleni kwa mikono yangu miwili. Paka akaingia taratibu, akinusa kila kiti, na wifi nyuma yake. Nje dume lilikuwa likikwaruza mabati na kulia. Sikuligeukia.

Sinia ikawekwa. Wifi akakaa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakawa mengi na hayana mpangilio, mpaka akaniwekea mkono gotini.

"Wifi, usijitese. Jirani yangu, tulikuwa tunakula naye Idi miaka yote, ndiye alichoma nyumba yangu. We umehamisha sahani ya paka tu."

Alisema hivyo kunituliza, na akanisogezea ndagala upande wangu. Lakini nilisikia jinsi alivyotupanga. Nilikuwa kwenye safu moja na yule jirani, safu ya waliomfukuza, mwishoni kabisa, mwenye kosa dogo kuliko wote. Nilitaka kumwambia kwamba mimi si wa safu hiyo, nikamrudishia ndagala upande wake.