Gari la Watu

Kuingia ndani ya gari lile kulikuwa na nafuu. Shughuli ilikuwa kutoka. Kila asubuhi Hhando Tluway akifika mbele ya duka la dawa za mifugo anakouza mjini Mbulu, huzima injini, hufungua mlango, hutanguliza mguu wa kulia, hushika paa kwa mkono mmoja, kisha hutulia kidogo kusikiliza mgongo unasemaje. Mgongo ukikubali, anatoka. Ukikataa, anabaki pale chini karibu na barabara, mzee mzima na ndevu zake, magoti yamemfika kifuani, na watu wanaomwamkia inabidi wainame.

"Shikamoo mzee! Unatoka au unaingia?" Hao ni vijana wa bodaboda.

"Marahaba," anajibu, na hapo basi. Hana hamu nao.

Lilikuwa Celica ya zamani, milango miwili, yale yenye taa za mbele zinazolala mchana na kuinuka giza likiingia. Gari la kijana asiye na mke wala gunia, akimbize kwenye lami iliyonyooka. Sasa niambieni, Mbulu kuna nini kilichonyooka? Kutoka nyumbani kwake Endagikot hadi dukani ni matuta, mifereji na mawe yaliyochomoza. Kila tuta Hhando alilivuka upande upande, tairi moja moja, polepole kuliko bibi harusi, na bado tumbo la gari lilikwaruza chini, naye akakunja uso kana kwamba ngozi iliyochubuka ni yake. Klachi ilikuwa ngumu hadi jioni goti la kushoto linamtetemeka. Kioo cha upande wa abiria kiligoma kushuka tangu enzi hizo. Taa moja nayo iliinuka siku inayotaka yenyewe, kwa hiyo jioni za ukungu mzee wa watu alipita mjini gari likikonyeza wake za watu. Aibu gani hiyo, kwa mwenyekiti wa jumuiya kanisani!

Kila mtu alimwambia auze. Fundi alimwambia, padri alimwambia, hata wateja waliokuja kununua dawa ya kupe walimwambia. Yeye alikuwa na jibu lake moja.

"Si langu. Ni gari la watu."

Na hapa msinichekee mapema, maana bila kuelewa jambo hili hamtamwelewa Hhando. Huku kwetu mtu hajazi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Baba yake, mzee Tluway, alikuwa wa kijiji cha Daudi, na Daudi wamelima hadi mlangoni, pa kuchungia hakuna. Kwa hiyo ng'ombe wake kadhaa aliwateremsha bondeni kwa rafiki yake, mzee Gidamis, Mbarbaig wa Dirma kule Hanang. Mtunzaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, lakini ng'ombe si wake, na ndama si wake. Hauzi. Hachinji. Akifa mnyama, ngozi inarudishwa kwa mwenyewe ili aone kwamba hakuliwa. Hhando akiwa mtoto alimwona mzee Gidamis akipanda hadi Daudi kwa miguu, mwaka wa njaa, amebeba begani ngozi iliyokauka. Mtu mwenyewe alikuwa mifupa mitupu. Njaa ile, na hakumgusa ng'ombe wa mwenzake hadi ugonjwa ulipomuua! Mzee Tluway aliikunjua ngozi, akatazama alama, akasema asante, akamletea mgeni kiti. Mtoto yule aliyekuwa amesimama pembeni aliliweka jambo lile moyoni, na kama mnataka kujua nini kilimharibia mgongo uzeeni, ni hilo.

Maana Emanuel ni mtoto wa mzee Gidamis. Alikuwa fundi wa barabara Arusha, kijana anayependa makuu, akanunua Celica ile kwa mishahara ya ujana. Kisha akahamishiwa Mwanza. Kabla hajaondoka alipita Endagikot, akampa Hhando funguo.

"Kaa nayo, kaka. Uitunze. Nikitulia nitaifuata."

Hhando alizipokea funguo zile kwa mikono miwili. Kichwani mwake hapakuwa na swali. Baba wa huyu alitunza ng'ombe wetu, sasa zamu imetufikia.

Basi akatunza. Akaliendesha kila siku, kwa sababu gari lisipotembea linaoza, na kuliendesha ndiyo maziwa yake. Lakini spea za gari kama hilo hazikai Mbulu. Zilitoka Arusha, nyingine zilitafutwa hadi Dar es Salaam, na mshahara wa muuza dawa za kupe mnaujua wenyewe. Shokapu zikifa, ananunua. Sampo ya oili chini ya injini ikipasuka, ananunua. Emanuel kule Mwanza alimpigia simu mara chache, akisema, "Mnyama wako hajambo." Emanuel alicheka, akasema safi sana kaka, tutaongea, nina kikao. Miaka ikaenda hivyo. Emanuel akaoa, akapanda cheo, akajenga. Hakulifuata gari.

Aliyeumia ni Philomena, mke wa Hhando. Nyonga ya Philomena iliharibika baada ya kuanguka na mzigo wa kuni, na kiti cha gari lile kiko chini mno. Walijaribu siku moja. Kuingia aliingia, kwa kusukumwa. Kutoka alilia kwa sauti mbele ya hospitali, wauguzi wawili wakaja kumvuta, na akaapa kwamba hataingia tena ndani ya sanduku lile akiwa hai. Tangu hapo mume alikwenda mjini na gari, mke alikwenda na fimbo. Kupanda bodaboda nyonga haikuruhusu. Bajaji ya kukodi ingewezekana, ila fedha ilikuwa imeshakwenda kwenye klachi. Siku za kliniki Philomena aliondoka nyumbani kabla ya mumewe, na Hhando alimpita njiani. Alipunguza mwendo ili asimtimulie vumbi. Alipiga honi kidogo. Philomena aliinua mkono.

Ilimkata maini, msidhani haikumkata. Kila jioni alimwambia, "Vumilia, Mama Judica. Siku Emanuel akichukua gari yake, tunanunua kagari ka juu, kadogo, utapanda kama unakaa kwenye benchi."

"Sawa, Baba Judica," Philomena alijibu.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Emanuel mwenyewe alipiga simu. Anakuja Dirma kumwona mama yake, atakaa siku chache, wanachinja kondoo, Hhando asikose. Jamani, furaha ya mzee yule! Alikata simu akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Mwisho umefika. Mnyama anarudi kwao, tena amenona, na jina la mzee Tluway halina doa. Alikopa ili taa ile mkaidi itengenezwe. Akapaka rangi palipochubuka. Philomena alimfulia koti la kanisani, naye akawaambia akina mama wa jumuiya kwamba kuanzia wiki ijayo watamwona akishuka kwenye gari kama watu wengine.

Hhando aliondoka alfajiri, akapita Dongobesh, akateremka kuelekea Hanang. Safari ile usimwombee hata adui. Palipokuwa na mawe makubwa alisimama, akatoka, mgongo huo huo, akayasogeza kwa mikono, akaingia tena, akapita, akasimama tena. Wachungaji waliegemea fimbo zao wakamtazama. Vumbi liliingia hadi kwenye meno. Mlima Hanang ulikuwa mbele yake na wingu lake kichwani, na kila akiutazama aliona haujasogea. Alipofika Dirma mchana alisimama kwanza kando ya njia, akatoa kitambaa, akalipangusa gari lote. Halafu ndipo akaingia uani kwa watu.

Wageni walikuwa wameshakaa, nyama iko motoni. Emanuel alikuwa amenenepa, shati jeupe, na nyuma yake limesimama gari lake jipya, refu, la kupandia ngazi. Hhando alitoka kwa shida, akajinyoosha, akaenda kwanza kwa mama mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa Tluway, siyo?"

"Ndiye, mama." Kisha akamgeukia Emanuel, akanyoosha funguo kwa mikono miwili. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. "Kaka, nimeleta mali yako. Ikague. Kama kuna mahali imepungua, niambie mbele ya watu hawa."

Emanuel alitazama funguo, akatazama gari. Halafu akapiga makofi, akacheka hadi akashika tumbo.

"Mungu wangu! Hii kitu bado ipo? Kaka, mimi nilijua ulishaiuza vyuma chakavu siku nyingi! Mwanza nilikuwa sina pa kuiweka, nikakuachia tu."

"Ulisema utaifuata," Hhando alisema.

"Aa, kaka. Maneno ya kuagana hayo."

Wageni nao wakacheka, si kwa ubaya, watu wakisubiri nyama hucheka. Hhando alibaki amenyoosha mikono. Maneno ya kuagana! Klachi zote zile, sampo zile, nyonga ya mwanamke yule barabarani na fimbo yake, kumbe ni maneno ya kuagana.

Asiyecheka alikuwa mama mzee. Kiswahili chao cha haraka kilimpita, akauliza kwa lugha yake watu wanacheka nini, akaelezwa. Akainuka. Alilizunguka gari polepole, akalipitishia kiganja ubavuni, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyerudi kutoka mbali. Kisha akamwambia mwanawe maneno machache, makavu, na Emanuel akaacha kucheka, akatazama chini. Baba yake angeona aibu, ndivyo alivyoambiwa. Mtu ametunza, mtu ameleta, anashukuriwa.

"Mama amesema kweli," Emanuel alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mzima. "Kaka, nisamehe. Nakushukuru mbele ya wote. Na shukrani yangu ni hiyo hiyo. Kuanzia leo gari ni yako."

Watu wakapiga makofi. Mama akaleta siagi kwenye kibuyu, akaipaka juu ya boneti na kwenye paji la uso la Hhando, akambariki yeye, nyumba yake na watoto wake.

Mngefanyaje ninyi? Mtunzaji mwema hupewa mtamba wa shukrani, hilo kila mtu analijua, na hujawahi kusikia mtu amesema sitaki. Kukataa ni kumtemea mate mama wa watu uani kwake. Na mnyama wa shukrani, aliyepakwa siagi mbele ya mashahidi, humpeleki mnadani. Unakaa naye hadi azeeke. Hhando aliyajua yote hayo kuliko Emanuel. Akarudisha funguo mfukoni.

"Asante, mama," alisema. "Asante, kaka."

Nyama aliila, hakuionja ladha. Alilala Dirma, na kesho yake akarudi kwa njia ile ile, akiyakuta mawe mengine.

Alifika Endagikot jua bado liko juu. Philomena alikuwa mbele ya nyumba, ameanika maharage. Alikuwa anamtarajia arudi kwa basi, kwa hiyo aliposikia injini hakuinua kichwa mara moja. Alipoinua, alisimama, akashika nyonga, akatazama gari likiingia na siagi iliyoshika vumbi kwenye boneti.

"Hukumkuta?" aliuliza. "Emanuel hakuja?"

"Alikuja."

"Ameikataa?"

"Amenipa." Hhando alifungua mlango, akatanguliza mguu, akashindwa kuendelea. "Mbele ya mama yake. Wamelipaka siagi, Mama Judica. Ni letu."

Philomena alielewa. Wote wawili ni watoto wa nyumba zenye ng'ombe, hakuhitaji kufafanuliwa kwamba haliuzwi. Alitazama maharage yake, akaokota mawili yaliyotoka nje ya mkeka, akayarudisha.

Hhando bado yuko chini pale, mguu mmoja nje, mkono juu ya paa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Nimechoka," alisema. "Mke wangu, nimechoka sana na gari hili."

"Wewe ulikuwa umekaa, Baba Judica," Philomena alisema. Hakupandisha sauti. "Aliyekuwa anatembea ni mimi."

Akaokota fimbo yake, akaingia ndani kumtafutia maji ya kunawa.